Daktari wa Mbuzi Walio Macho

Daktari alimsalimu mbuzi kabla ya mtu. Ukimkuta asubuhi langoni pa kituo chetu, nje kidogo ya Mukuyuni, angekupungia mkono bila kukutazama, apite moja kwa moja hadi zizini, ainame, aangalie masikio, pua, na tumbo linavyopanda na kushuka. Akisharidhika ndipo angegeuka na kuuliza, "Na wewe, uko?" Hakusema habari yako wala umeamkaje. Mwanzoni niliona ni dharau. Baadaye nilielewa kwamba kwake hilo lilikuwa swali kamili, na alikuwa akisubiri jibu.

Sitalitaja jina lake. Hata mama aliyetuuzia chai sokoni hakulijua. Alimwita Daktari tu, na akimkasirikia alimwita Daktari wa Mbuzi, kana kwamba kuna mwingine, wa maana zaidi, anayetibu watu. Naandika juu yake kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu mimi ndiye niliyempelekea habari iliyobomoa kazi aliyoithamini kuliko zote. Nimejaribu kuandika haya mara nyingi nikafuta. Ndivyo nilivyo. Sentensi moja ikikaa upande, sili wala silali. Leo nimeamua kuziacha zikae zinavyotaka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwanamke huyo alikuwa daktari wa mifugo, lakini miaka mingi alifuata swali moja: je, sauti ya mtu aliyemlea mbuzi humtuliza mbuzi huyo ndani kabisa, kwenye ubongo, au ni sisi tunaojipendekeza? Mnyama aliyedungwa dawa ya usingizi hawezi kujibu swali kama hilo. Kwa hiyo mbuzi wetu walipimwa wakiwa macho, wamesimama kwenye kibanda chembamba, mikanda imelegezwa. Tulinyoa kiduara kidogo utosini, tukawavalisha kofia yenye taa ndogo nyekundu. Mwanga ulipenya ngozi na mfupa, na kwa jinsi ulivyorudi tuliweza kukadiria damu inavyokwenda kwenye sehemu ya mbele ya ubongo. Haikuwa na maumivu. Wengine walisimama pale wakicheua kama watu waliokuja kwa shemeji.

Lakini ubongo wa aliye macho hausemi jambo moja. Mlango ukibamizwa, picha inabadilika. Mbuzi akisinzia, inabadilika. Akitafuna, akijikaza, akitamani kutoka, inabadilika, na mchoro unaobaki kwenye kioo haukuambii ni ipi kati ya hizo. Hali hiyo ya mwili mzima, kati ya kusinzia na kushtuka, Daktari aliiita moto. Mbuzi anayesinzia ana moto mdogo. Aliyesimamisha masikio ana moto mkubwa.

"Usiniletee ubongo bila moto wake," alisema. "Ni kama kuniambia mtu analia, halafu usiniambie kama yuko matangani ama anakata vitunguu."

Moto ndio uliokuwa kazi yangu. Nilikuwa na kamera moja kwenye jicho la mbuzi, nyingine kwenye mwili wote, na mkanda wa kifuani wa kupima pumzi. Chuo sikwenda. Kuandika programu nilijifunza mwenyewe, kwetu Mutomo, kwenye kompyuta ya kanisa, siku ambazo kwaya haikuwa na mazoezi. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa mmoja: hajui ni somo gani aliliruka. Kila kosa analoliona anadhani ndilo lile somo. Niliingia kituoni nikiwa na hakika kwamba siku moja nitagunduliwa na kurudishwa nyumbani.

Siku ya usaili hakuniuliza vyeti. Alinipeleka mbele ya mbuzi mweupe aliyesimama pembeni.

"Unaona nini?"

"Ametulia," nikasema.

"Utulivu umeuona? Una rangi gani?"

Nikamtazama mbuzi tena.

"Sema kile umeona, usiseme kile unafikiria."

"Amesimama. Masikio yako nyuma. Hacheui."

"Sasa unaongea. Mbuzi hacheui, masikio nyuma, miguu imekazwa. Huyu hajatulia, anangoja ubaya." Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa. "Kama wewe sasa hivi. Njoo Jumatatu."

Alikuwa na misemo yake, na sidhani aliitunga ili ikumbukwe, kwa kuwa aliirudia vibaya vibaya na kuichanganya. Kuhusu mnyama aliyesimama kimya alisema, "Kukaa kimya si kutulia, nenda uone watu wakingoja kwa chifu." Nikichelewa kwa sababu ya kusafisha data ambayo ilikuwa safi tayari, alisema, "Utaosha hiyo sufuria mpaka itoboke." Na mgeni yeyote aliyefika akasifu jinsi mbuzi wetu walivyo watiifu aliambiwa, "Wewe subiri tu."

Kwa mnyama alikuwa na subira isiyo na mwisho. Nimemwona akishinda asubuhi nzima akimzoeza mbuzi mmoja kofia: kwanza aione, kisha ainuse, kisha iguse sikio, kisha iondolewe kabla hajachoka. Mbuzi akitikisa kichwa, kazi ilirudi mwanzo, na Daktari hakuonyesha hata kukunja uso. Lakini mtu akichelewa kufungua geti angepiga honi hadi kuku wa jirani watawanyike. Aliendesha gari kana kwamba barabara ya vumbi ya kwenda mji wa Wote ilimkosea. Na nyama ya mbuzi aliipenda waziwazi. Kwenye harusi moja ya jirani alikuwa wa kwanza kwenda kuuliza kama mbavu zimeiva. Mzee wa zizi, aliyewalea mbuzi wetu, akamchokoza mbele ya watu.

"Daktari, si hawa ni wanafunzi wako?"

"Huyu hakuwa darasa langu," akasema, akanyoosha sahani.

Huyo Mzee wa zizi nimtambulishe vizuri, maana sauti iliyokuwa ikipimwa ilikuwa yake. Alikuwa mwembamba, mzee wa kanisa, mwenye koti ambalo mifuko yake haikukosa maganda ya mgunga. Mbuzi wanayapenda maganda hayo kama watoto wanavyopenda mandazi. Tulirekodi sauti yake akiwaita, kwa ule mwito wa Kikamba ambao kila mchungaji ana namna yake, na tuliupiga kwa spika wakati mbuzi amevaa kofia na Mzee mwenyewe yuko kimya.

Na kazi haikuanza bila sala. Hili lilitoka kwa Daktari mwenyewe. Mwanamke aliyedai ushahidi hata ukimwambia mvua imenyesha, alikuwa na imani isiyotetereka, na hakuona mgongano wowote. "Mimi napima kile kinapimika," alisema. "Kile kingine kinanipima mimi." Mbuzi akishaingia kibandani na mashine imewashwa, sote tulisimama nusu duara, tukainamisha vichwa. Mara nyingi Mzee ndiye aliyeomba. Akiomba Daktari, ilibidi uegemee kitu, kwa kuwa alianza na mvua, akapita kwa serikali ya kaunti, akamaliza na wagonjwa wote wa Nuu, kwao alikozaliwa, mmoja mmoja.

Wakati huo hakuna ndoo iliyoanguka. Hakuna aliyetembea, na simu zilizimwa. Ndiyo maana Daktari aliuchagua uwe kipimo chetu cha mapumziko: ubongo wa mbuzi asiyesumbuliwa na chochote, ambao tungeulinganisha na ubongo wake baada ya kusikia sauti. "Hapo mbuzi anapumzika," alisema. "Hata sisi tunapumzika." Ilikuwa kweli kwa upande wangu. Dakika zile ndizo pekee kwa siku nzima ambazo kichwa changu hakikuwa kinatafuta nilipokosea.

Na jibu lilitoka. Sala, Amina, Mzee anampa mbuzi maganda machache ya ahsante, tunasubiri ameze, sauti inapigwa. Kila asubuhi mchoro wa ubongo ulishuka taratibu, kama mtoto anayetulia begani. Mbuzi walitulizwa na sauti ya mlezi wao. Sijamwona Daktari akiwa na furaha ya namna ile. Alikuwa anajiandaa kulipeleka jibu hilo Nairobi, mbele ya wafadhili na wataalamu wenzake, na lingekubalika, kituo kingeendelea.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Tulikuwa na zizi la pili mjini Mwingi, likiangaliwa na mlezi wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani, mtu makini kuliko sisi sote. Kule jibu lilikataa kutoka. Sauti yake ikipigwa, mbuzi wake hawakushuka wala kupanda. Daktari alimpigia simu kila wiki.

"Umekaza kofia?"

"Nimekaza, Daktari. Nikikaza zaidi mbuzi atavua kichwa."

"Basi ni hiyo kelele ya mji wenu."

"Daktari, hapa kuna kelele gani? Hapa hata jogoo anaona haya."

Daktari alicheka, akakata simu, akasema mashine ya Mwingi ina hitilafu.

Jibu letu lilikuwa bado halina moto wake kamili, kwa kuwa kuhusu jicho la mbuzi nilihitaji programu yangu mwenyewe. Mboni ya mbuzi haiko duara kama yetu. Imelala, nyembamba, kama mwanya wa sanduku la sadaka, na moto ukipanda mwanya unatanuka. Nilipomaliza kuiandika, ikaanza kunipa upuuzi. Ilisema moto wa mbuzi wa Mukuyuni ulikuwa juu kabisa wakati wa mapumziko, kabla ya sauti yoyote. Nikajua nimekosea. Lile somo nililoliruka, hatimaye limenipata. Nikaiandika upya. Ikasema vilevile. Nikabadilisha taa, nikafuta lenzi, nikaiandika upya tena, na muda huo wote nilikuwa nikila chakula cha mchana peke yangu nyuma ya stoo ili mtu asiniulize kazi inaendeleaje.

Mwishowe nikafanya jambo ambalo mtu wa kawaida angelianza nalo. Niliwasha video yenyewe nikaitazama, bila hesabu, pamoja na sauti yake.

Ilikuwa sala. Mzee anaomba. Daktari ameinamisha kichwa, mikono nyuma. Nami nipo, nimefumba macho kwa nguvu kama mtoto anayeogopa sindano. Mbuzi peke yake ameinua kichwa. Ameacha kucheua. Masikio yako mbele, mwanya wa jicho umetanuka, na anakodolea mfuko wa koti la Mzee. Sala inaendelea. Mzee anapofika kwenye maneno ya kufungia, yale ambayo kila Mkristo wa kwetu anayajua, mbuzi anabadilisha miguu. Inaposemwa Amina, mdomo wake uko wazi tayari.

Nikawasha nyingine, na nyingine. Hakuna mbuzi aliyekuwa akipumzika. Walikuwa wakingoja maganda. Kipimo chetu cha mapumziko kilikuwa kipimo cha hamu. Akishakula, moto ulishuka wenyewe, na sisi tukapiga sauti ya Mzee tukadhani ndiyo iliyoushusha. Hata mlango ukilia ungepata sifa zile. Na Mwingi? Mlezi wa kule alisema bismillahi yake kwa sauti ndogo, mikono ikiendelea na kazi, bila kusimama na bila maganda. Mashine yake haikuwa na kasoro yoyote. Ilikuwa ikituambia ukweli muda wote.

Sisi tulioajiriwa kumtazama mbuzi tulifumba macho sote, kila asubuhi, katika dakika zilezile tulizozipima.

Ningeweza kunyamaza. Nakiri kwamba nililifikiria hilo, tena kwa utaratibu, kama ninavyofikiria kila kitu. Hakuna mwingine aliyetazama zile video. Nikinyamaza, Daktari atakwenda Nairobi na jibu lake. Nikisema, namnyang'anya kazi ya miaka, na kituo pengine, na Mzee mkate wake, nami wangu. Na je, kama ni mimi niliyekosea?

Nikamwonyesha Mzee kwanza. Alitazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Unataka kusema mbuzi ilikuwa inangoja Amina?"

"Ndio, Mzee."

Akacheka hadi akashika ukuta. "Hata kanisani wako wengi hivyo, mwana wakwa!" Kisha kicheko kikaisha, akakaa kwenye debe, akatazama mbuzi kwa muda. "Na Daktari amejua?"

"Bado."

"Mwambie. Lakini mwambie akiwa amekula."

Nilimkuta chini ya mabati ya jikoni akiwa na sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Nilianza kwa kueleza programu, na taa, na lenzi, na makosa yote ambayo huenda niliyafanya, hadi akainua kijiko kuninyamazisha.

"Umeona nini? Sema kile umeona."

Nikaweka kompyuta mbele yake. Akatazama hadi mwisho. Akairudisha nyuma.

"Huyo ni mimi."

"Ndio, Daktari."

"Nimefumba."

"Sote tumefumba."

Akainuka, akaenda zizini, akasimama katikati ya mbuzi akiwa amenipa mgongo. Nilibaki mlangoni pa jikoni nimeshika sahani yake. Nikawaza kwamba mkanda wa kifuani ungekuwa kwangu wakati huo, ungekatika. Aliporudi, uso wake ulikuwa wa kawaida.

"Nani mwingine anajua?"

"Mzee peke yake."

"Alisema nini?"

"Kwamba nikuambie ukiwa umekula."

Akatazama sahani. "Sijamaliza," akasema, akaketi, akala yote.

Yaliyofuata niliyasikia kwa wengine, kwa sababu alikwenda Nairobi peke yake na aliporudi hakueleza. Wanasema alisimama mbele ya watu wale waliokuja kusikia habari ya mbuzi wanaotulizwa na sauti, akawasha ile video, akaiacha iende bila maneno. Wengine walicheka. Akawangoja wamalize. Kisha akawaambia ni nani aliyemfumbua macho, na akasema mtu huyo hakusoma chuo, jambo ambalo lilinifanya nijifiche kwa aibu kwa siku kadhaa, ingawa Mzee aliapa kwamba ni lazima lilisemwa kwa fahari. Kwa mlezi wa Mwingi alipiga simu mbele yetu.

"Mashine yako ilikuwa sawa," akamwambia. "Mimi ndiye sikuwa sawa. Nisamehe."

"Tumeshasamehe, Daktari. Sasa nilegeze kofia?"

Tulianza upya. Sala ikahamishiwa langoni, kabla hatujawaona mbuzi, na maganda yakawa ya jioni tu. Kipimo cha mapumziko kilichukuliwa wakati jicho la mbuzi lenyewe linasema yuko kati, hasinzii wala hashtuki, na macho yetu yako wazi. Kiangazi kile chote tulifanya kazi ileile. Jibu lililobaki lilikuwa dogo. Wale waliolelewa na Mzee kwa chupa tangu wachanga walitulizwa na sauti yake. Waliobaki hawakujali, na mmoja, dume la kijivu, alikuwa akipandwa na moto kila anapoisikia. Mzee alisema wana kesi ya zamani.

Jibu dogo halikutosha kuwashika wafadhili. Mazizi yote mawili yalifungwa, mbuzi wakagawiwa, nami nikapata kazi Kitui mjini ya kuchambua video za watu wengine. Kila asubuhi nilijiuliza kama nilifanya vizuri, na kila asubuhi nilipata jibu tofauti.

Mwaka jana nilisikia kwamba Daktari amerudi kwao Nuu na mguu unamsumbua. Nikaenda. Nilimkuta uani, kwenye kiti kifupi, mguu umenyooshwa juu ya gunia, anachagua ndengu kwenye ungo. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Alinitazama kwanza miguu, kisha mabega, kisha uso.

"Umekonda," akasema. "Keti."

Tukaongea habari za mvua ambayo haikuja, za Mzee aliyekuwa sasa na mbuzi wake mwenyewe, za mlezi wa Mwingi aliyemwoza binti yake. Nilikuwa nimepanga swali langu njia nzima, nikalisahihisha, nikalifupisha. Likatoka vibaya.

"Daktari, uliumia? Ile siku."

"Niliumia sana." Hakuacha kuchagua. "Ulidhani nitasema hapana? Kule zizini niliposimama, nilikuwa napanga kukuambia kamera ilikuwa mbovu. Kwamba picha zinachelewa, kile unaona si wakati wa sala. Nilikuwa nimeshapata hata maneno."

Jua lilikuwa limefika ukingoni mwa kivuli chetu, akavuta kiti chake kidogo.

"Sasa kwa nini hukuniambia hivyo?"

"Kwa sababu ungeamini," akasema. "Ungeniamini palepale, uniombe msamaha, urudi kurekebisha kamera ambayo haina shida. Nilipogeuka nilikuona pale mlangoni umeshika hiyo sahani yangu. Nikaona mpaka uzeeni mwako, bado unairekebisha."

Daktari alisogeza ungo ukakaa kati ya magoti yetu, tukaendelea kuchagua ndengu, yeye upande wake na mimi upande wangu.